Kabla hujamlilia tena mjusi wa Tendaguru, wajue wanyama wa Kretasia wa Songwe

Jabali Jekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamoo kwa wakubwa, mambo kwa wadogo.

Haupiti mwaka humu bila uzi wa "mjusi wetu arudishwe", yaani yule dinosaria wa Tendaguru, Lindi, aliyepelekwa Berlin zama za Wajerumani. Tunajua unavyokwenda: kurasa kumi za kuwasema Wajerumani, mmoja anauliza tutamweka wapi, mwingine anajibu ataishia kwenye vyuma chakavu, uzi unafungwa. Sina ugomvi na madai hayo. Dukuduku langu ni jingine.

Mjusi yule ni wa mwisho wa kipindi cha Jurasia, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Alipokwisha kufa na kugeuka jiwe, dinosaria waliendelea kutamba duniani kwa miaka mingine milioni 84. Karibu muda huo wote unaitwa Kretasia. Ilianza miaka milioni 145 iliyopita, ikaisha milioni 66 iliyopita. Na wanyama wa Kretasia tunao hapa nchini. Baadhi yao wana majina ya Kiswahili kitupu, yamechapishwa kwenye majarida ya sayansi, Wajapani na Waajentina wanang'ata ulimi kuyatamka. Sisi ambao hatuhitaji hata kamusi ndio hatujawahi kuyasikia.

Nimekulia Songwe, upande wa bondeni, kule mto unakoshuka kwenda Ziwa Rukwa. (Kabla hamjanikosoa: Songwe ziko mbili. Ule wa mpakani na Malawi unaingia Ziwa Nyasa. Huu wetu unaingia Rukwa.) Kule udongo ni mwekundu, makorongo mekundu, ukivaa shati jeupe asubuhi, jioni ni la rangi ya chai. Tulichunga mbuzi juu ya makaburi bila kujua. Mawe yale mekundu wanajiolojia wanayaita Miamba ya Galula, kwa jina la kijiji cha Galula. Ni mchanga na tope la mito ya Kretasia vilivyoshindiliwa vikawa jiwe.

Tuanze na huyu: *Mnyamawamtuka moyowamkia*.

Soma tena polepole. Mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Mtuka ni korongo la mto unaokauka kiangazi. Mwaka 2004 mifupa yake ilionekana juu kwenye ukuta wa korongo hilo, wakachimba msimu hadi msimu mpaka 2008. Ni titanosaria, yaani wale wala majani wa miguu minne wenye shingo ndefu na mkia mrefu. Pingili zake za katikati ya mkia, ukizitazama kwa nyuma, zina umbo la moyo kama ule wa kwenye kadi za wapendanao. Na utafiti ulichapishwa tarehe 13 Februari 2019, siku moja kabla ya Valentine. Sijui kama walipanga, lakini kama walipanga, nawavulia kofia.

Aliishi miaka zaidi ya milioni 100 iliyopita. Umuhimu wake hauko kwenye ukubwa. Patagotitan wa Ajentina angemfanya aonekane ndama. Ila titanosaria baadaye walienea mabara yote, na mwanzo wa ukoo wao una giza. Mnyama wa Mtuka ni miongoni mwa wachache wanaotuonyesha ukoo huo ulipokuwa bado mchanga.

Naendelea, msichangie kwanza.

Dogo wa Mwanjelwa

Nimeweka kambi. Shusha mkuu.

Chai Rangi

Kumbe Mnyamawamtuka ni jina la ukweli? Nilidhani ni ID ya mtu humu.

Jabali Jekundu

Nimesema msichangie jamani. Haya.

Wa pili ni *Shingopana songwensis*. Huyu hata mtoto wa chekechea anamtafsiri. Alichimbwa kuanzia 2002, akapewa jina 2017. Mifupa ya shingo yake ilikuwa na miinuko iliyovimba kwa juu, ndipo shingo ikaonekana pana.

Kinachonivutia mimi kwa Shingopana ni mazishi yake. Mifupa ina vitobo vya wadudu. Maana yake alipokufa hakufunikwa siku ileile. Mzoga ulikaa juu ya ardhi kiasi cha wadudu kuja, kutoboa, kujitengenezea makazi. Lakini vipande vilikutwa bado viko karibukaribu, kwa hiyo hakukaa sana pia. Mafuriko yalikuja yakamfukia kabla hajatawanyika. Mtu yeyote aliyewahi kuona ng'ombe aliyekufa kando ya mto mwishoni mwa kiangazi anaijua picha hiyo, tofauti ni ukubwa wa ng'ombe.

Halafu ukoo wake. Walipolinganisha mifupa, Shingopana alionekana kuwa karibu zaidi na titanosaria wa Amerika Kusini kuliko na wenzake wa Afrika. Ndugu yako wa damu yuko Ajentina, jirani yako wa Malawi ni wa mbali. Inawezekana vipi? Kwa sababu Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja, na zilikuja kuachana kabisa karibu na miaka milioni 100 iliyopita. Mababu zao walitembea tu. Hapakuwa na bahari ya kuvuka.

Wa tatu ni *Rukwatitan bisepultus*, 2014. Jina la kwanza mnaliona. La pili ni Kilatini, "aliyezikwa mara mbili". Alifukiwa, mto ukaja ukamfukua kiasi, ukamfukia tena. Na yeye alikuwa kwenye ukuta wa korongo, mpaka ikabidi watafutwe wachimbaji wa makaa ya mawe waje kusaidia kumtoa. Miguu yake ya mbele inakadiriwa kuwa na urefu wa mita 2, na mnyama mzima alikuwa na uzito wa tembo kadhaa kwa pamoja.

Wote watatu walielezwa na timu ya Eric Gorscak na Patrick O'Connor wa Marekani.

Haya, sasa changieni.

Ustadh wa Ngeli

Nimefika. Nitasahihisha majina kama mitihani.

Mnyamawamtuka: mnyama wa, ngeli ya kwanza, sahihi. Moyowamkia: moyo wa, sahihi. Alama kumi kwa kumi. Wameunganisha maneno, lakini naambiwa sayansi hairuhusu nafasi katikati ya jina, tunawasamehe.

Shingopana: shingo pana, nyumba pana, njia pana. Sahihi. Kumi.

Kuna mwingine umemruka?

Jabali Jekundu

Ustadh umeniwahi. Yupo ambaye nimeiba jina lake. *Rukwasuchus yajabalijekundu*, jamaa wa mamba, 2014, kutoka miamba hiyohiyo.

Ustadh wa Ngeli

Ya jabali jekundu? Jabali jekundu, sawa kabisa, LI-YA, wala hawakuandika "jabali nyekundu" kama nusu ya nchi inavyosema siku hizi. Lakini hiyo "ya" inapatana na nini? Mamba ni kiumbe hai. Mamba WA jabali jekundu. Nakata alama mbili.

Jabali Jekundu

Ustadh, mamba hawakumkuta. Walikuta mifupa. Mifupa YA jabali jekundu.

Ustadh wa Ngeli

Nimerudisha alama.

Dogo wa Mwanjelwa

Huu uzi mtamu kama maparachichi ya Rungwe.

Jabali Jekundu

Maadam tumefika kwa mamba, nimlete ninayempenda kuliko wote, na wala si dinosaria. *Pakasuchus kapilimai*. Paka ni paka huyuhuyu wa nyumbani. Suchus ni mamba kwa Kigiriki. Kapilimai ni kumuenzi marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja wa waongozaji wa mradi wa Bonde la Rukwa.

Alipatikana 2008, akatangazwa 2010 kwenye jarida la Nature. Piga picha mamba mwenye ukubwa wa paka. Kichwa kinaenea kiganjani. Miguu mirefu myembamba, anatembea nchi kavu, pua iko mbele badala ya juu ya kichwa kama mamba wa majini. Mgongo hauna magamba magumu ya kumlemea, magamba mazito yamebaki mkiani.

Kioja kiko mdomoni. Mamba wa leo ana meno ya aina moja tu: ya kukamatia. Akishakukamata anakumeza mapandepande, hatafuni. Huyu alikuwa na chonge mbele na magego nyuma, magego yanayokutana juu na chini kama ya kwako wewe unayesoma. Alikuwa anatafuna! Tena wakati wanampata mdomo ulikuwa umefumba kabisa, ikabidi wautazame ndani kwa mashine ya CT kama ya hospitali.

Mimi nilipoisoma nilijiuliza mamba anatafutia nini meno ya mnyama anyonyeshaye. Jibu la watafiti ni kwamba huku kusini mwa dunia, nafasi ambazo kaskazini zilishikwa na wanyama wadogo wanyonyeshao, nyingine zilishikwa na mamba wadogo wa namna hii. Madagaska nako alikuwepo Simosuchus, mamba mwenye uso bapa kama wa mbwa wa kizungu, na alikula majani. Kretasia ilikuwa na mamba wa kila kazi.

Wanyonyeshao nao walikuwepo hapo Galula, ila wadogo. Kuna mmoja anaitwa *Galulatherium*. Taya lake la chini ni la sentimita mbili hivi.

Mama Wawili

Mdogo wangu, hongera kwa maelezo. Mimi ni mfugaji, nauliza la kifugaji: hayo madude makubwa yalikula nini bondeni huko? Ng'ombe wangu kumi na wanne tu wananimalizia malisho.

Jabali Jekundu

Shikamoo mama. Wala usiwaze nyasi. Uwanda wa nyasi kama tunaoujua haukuwepo duniani. Walikula miti ya jamii ya misonobari, mikangaga, na mimea ya maua ambayo katika Kretasia ndiyo kwanza ilikuwa inatapakaa. Nyasi zenyewe zilikuwepo Kretasia, ila si uwanda: India wamekuta chembe za nyasi ndani ya mavi ya kale yanayodhaniwa ni ya titanosaria. Mavi yaliyogeuka mawe, mama. Watu wanasoma shahada kwa hayo.

Mama Wawili

Marahaba. Basi niwekee samadi yangu vizuri.

Mtumishi 7

Samahani wapendwa. Nauliza bila ubishi. Hiyo milioni mia moja imehesabiwa na nani? Maana ile kaboni 14 tuliambiwa ina matatizo.

Mpima Miamba

Hili niachieni, nimesoma jiolojia na niko machimbo ya dhahabu Chunya.

Mtumishi, uko sahihi kwamba kaboni 14 haifai hapa. Inafika miaka elfu 50 hivi, baada ya hapo haina kitu. Hakuna anayeitumia kwa dinosaria.

Kwenye miamba ya zamani tunatumia punje za zirkoni. Ni vijiwe vidogo kuliko punje ya chumvi, vinatokana na volkeno na miamba ya moto. Zikiumbika zinafungia urani ndani yake na zinakataa risasi (ile metali, si ya bunduki). Urani inageuka risasi kwa mwendo usiobadilika: ile ya 238, nusu yake inageuka kwa miaka bilioni 4.5 hivi. Ukipima kiasi cha risasi kilichomo na urani iliyobaki, unapata umri wa punje.

Shida ya Galula ni kwamba ni mchanga wa mto, na mto unabeba punje za kila umri. Ndiyo, lakini jiwe haliwezi kuwa la zamani kuliko punje changa iliyomo ndani yake. Ukibomoa ukuta ukakuta ndani ya tofali sarafu ya 1990, mtu hawezi kukuambia nyumba ilijengwa 1975.

Halafu kuna sumaku, hii ndiyo tamu. Chembe za chuma kwenye tope zinapotulia zinajipanga kufuata sumaku ya dunia, jiwe linapokauka zinaganda hapo. Sumaku ya dunia huwa inageuka, kaskazini inakuwa kusini. Imegeuka mara nyingi sana. Lakini katikati ya Kretasia ilitulia bila kugeuka kwa karibu miaka milioni 40, kuanzia milioni 121 hivi mpaka milioni 83. Miamba ya Galula ilipopimwa, sehemu kubwa yake inaelekea upande mmoja, mpaka huko juu ndipo mgeuko unaonekana. Ukiweka pamoja na zirkoni, picha inakuja. Tabaka la chini, linaloitwa Mtuka, ndilo la Mnyamawamtuka na Pakasuchus. La juu, Namba, ndilo la Shingopana na Rukwatitan.

Mtumishi 7

Mfano wa sarafu nimeuelewa. Ya sumaku nitairudia nikiwa nimepumzika. Ubarikiwe.

Vwawa Damu

Kaka zangu mnazunguka tu. Mnataja Songwe, mnataja kufa kwa dinosaria, na hamtaji kimondo! Tunacho Mbozi hapa. Si ndicho kilichowaua?

Dogo wa Mwanjelwa

😂😂 Nilikuwa nakusubiri.

Mpima Miamba

Dogo, na wewe usicheke, swali la Vwawa ni la haki, kimondo na dinosaria viko mkoa mmoja, lazima mtu aunganishe.

Kimondo cha Mbozi ni kipande cha chuma chenye nikeli, urefu kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 16. Kizito kwa kweli. Wenyeji walikijua zamani, wageni wakaanza kukiandika 1930. Lakini hata shimo la kuangukia halionekani pale. Kingeanguka shambani kwa dinosaria kingeua waliolala hapo, basi.

Kile cha kumaliza Kretasia kilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi. Piga hesabu ya mpira wa jiwe wa upana huo, unapata zaidi ya tani trilioni moja. Kiliangukia Chicxulub, Rasi ya Yucatan, Meksiko. Shimo lake liko chini ya ardhi na bahari, upana kama kilomita 180, karibu na safari ya basi kutoka Dar hadi Morogoro. Ushahidi wa kwanza uliotangazwa, 1980, haukuwa hata shimo, ulikuwa ni utando mwembamba wa udongo wenye iridi nyingi kuliko kawaida. Iridi ni adimu kwenye gamba la dunia, ni nyingi kwenye vimondo. Utando huo unaonekana sehemu nyingi duniani, katika mstari mmoja wa miamba. Chini yake kuna dinosaria, juu yake hakuna.

Isipokuwa ndege. Ndege ni tawi la dinosaria lililopona. Kwa hiyo ukienda kula kuku wa kuchoma pale Mlowo, ujue unachokula.

Vwawa Damu

Sawa nimekubali. Ila kimondo chetu kiheshimiwe.

Mmwera wa Pembeni

Nimesoma uzi mzima nimenyamaza, sasa naongea. Jabali, unaandika vizuri, lakini umeingia kwa mlango wa kutudharau Lindi. Eti "kabla hujamlilia tena mjusi".

Kwanza, majina. Unadhani ninyi ndio mna majina ya nyumbani? Tendaguru kuna *Wamweracaudia keranjei*, jina limetolewa 2019. Wamwera ni sisi. Keranje ni Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa hiyo zama za Wajerumani. Kuna *Australodocus bohetii*, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, fundi mkuu wa kutayarisha mifupa. Karne nzima vitabu viliandika wanasayansi wa Kijerumani, Janensch na Hennig, kana kwamba wale wawili ndio walioshika majembe. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ilibebwa na wapagazi kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne, zaidi ya tani mia mbili. Wazee wetu vichwani na mabegani. Kwa hiyo tukimlilia mjusi hatulilii jiwe peke yake.

Pili, Kretasia hata Lindi ipo, sema hamjaitafuta. Nyinyi bara mna mito na makorongo. Sisi tulikuwa chini ya bahari. Wanasayansi wamechoronga visima Lindi na Kilwa wakatoa udongo wa mfinyanzi wa bahari ya Kretasia, na ndani yake kuna foraminifera, vidudu vya bahari vyenye gamba dogo kama punje ya mchanga. Kwingi duniani magamba hayo yamegeuka chokaa nyeupe ya hovyo. Ya kwetu yamebaki yanang'aa kama kioo, kwa sababu udongo ule haukupitisha maji. Ukipima uwiano wa aina za oksijeni zilizomo kwenye gamba unajua joto la maji aliyoishi kile kidudu.

Na walipima. Miaka milioni 90 na ushee iliyopita, bahari ya hapa Lindi juu ilikuwa na nyuzijoto 30 hadi 35. Leo huwa ni 25 mpaka 30 hivi. Kretasia ilikuwa tanuri, ncha za dunia zilikuwa na misitu. Wanyama wako wa Songwe huwezi kuwaelewa bila vidudu vyangu vya Lindi.

Jabali Jekundu

Kaka mkubwa, nimepigwa na nimekaa chini.

Kichwa cha habari nilikiweka cha uchokozi ili watu wafungue, na kweli kwa Keranje na Boheti nilipaswa kuwataja mwenyewe. Habari ya vidudu vya kioo nilikuwa siijui. Ina maana wakati Mnyamawamtuka kizazi chake kinatafuna majani bondeni, pwani yenu ilikuwa inachemka?

Mmwera wa Pembeni

Hapo umeongea kama mtu mzima. Joto lile lilipanda zaidi baada ya Mnyamawamtuka. Nenda kaoanishe.

Mtani wa Kasumulu

Mimi nipo mpakani. Niwaambie tu, ukivuka daraja la Songwe (ile nyingine, msigombane) ukashuka Karonga, kuna makumbusho na ndani yake wamesimamisha mfano wa Malawisaurus. Ni titanosaria wa Kretasia pia. Mifupa ilianza kukusanywa miaka ya 1920, mara ya kwanza akabandikwa jina la mjusi mwingine wa Tendaguru, Gigantosaurus, na mwaka 1993 ndipo akapewa jina la nchi. Watoto wa shule wanapelekwa kwa makundi. Karonga si jiji, ni mji wa kawaida kabisa wa samaki na mchele, na wameweza.

Chai Rangi

Hapo kwenye "wameweza" imeniuma.

Bibi Mkate wa Berlin

Niko huku miaka tisa. Nimekwenda kumwona yule mkubwa, siku hizi anaitwa *Giraffatitan*. Kimo chake ni mita 13.27, wanajivunia sana hiyo namba. Alisimamishwa 1937. Nilikwenda na binti yangu wa miaka sita, akauliza kwa sauti kwa Kiswahili, "Mama, huyu ni wa kwa bibi?" Watu wakageuka. Nikamwambia ndiyo, wa kwa bibi, ingawa bibi yake ni wa Tanga.

Sina la kuongeza la kisayansi. Uzi umenifurahisha.

Dogo wa Mwanjelwa

Mimi nauliza swali la wale tunaojua dinosaria kwa katuni. T. rex yuko wapi kwenye hii stori? Mbona huku hatupati?

Mpima Miamba

T. rex alikuwa wa Amerika Kaskazini tu, na miaka milioni mbili tatu za mwisho za Kretasia. Hajawahi kukanyaga Afrika. Mnyama wa Mtuka alikuwa ameshakufa miaka zaidi ya milioni 30 kabla T. rex hajazaliwa.

Afrika tulikuwa na wakali wengine. Kaskazini, Misri na Moroko, kulikuwa na Spinosaurus mwenye tanga mgongoni na mdomo kama wa mamba. Galula bado wala nyama wanajulikana kwa meno na vipande, hajapatikana mmoja wa kumpa sura.

Na kwa wanaobishana kuhusu wapi mifupa itunzwe: Spinosaurus wa kwanza alitoka Misri, akaelezwa 1915 na Ernst Stromer, akawekwa makumbusho ya Munich. Aprili 1944 ndege za Waingereza zikapiga mabomu, akateketea. Ikabaki michoro na picha.

Mzee Kobe

Wanangu, hamjambo. Mimi msomaji tu humu, simu yenyewe ni ya mjukuu. Naomba ushauri. Korongo la nyuma ya shamba letu mvua ya mwaka huu imekula ukingo sana. Mjukuu ameleta kitu kama mfupa, kizito, chekundu kwa nje. Nimemwambia ni wa ng'ombe. Yeye amekataa.

Jabali Jekundu

Shikamoo mzee.

Mpima Miamba

Shikamoo mzee. Kuna kipimo cha porini cha kuanzia: lowesha ulimi, gusisha mahali palipovunjika. Mfupa uliogeuka jiwe mara nyingi unanasa ulimi kidogo, kwa sababu vitundu vyake vinanyonya mate. Jiwe la kawaida halinasi. Si kipimo cha mwisho, lakini hata maprofesa wanakifanya wakidhani hatuwaoni.

Mzee Kobe

Marahaba. Nilambe mfupa nisioujua mwenyewe?

Mpima Miamba

Osha kwanza mzee.

Jabali Jekundu

Mzee, kabla ya kulamba, kubwa zaidi ni hili. Msichimbe kingine. Mfupa ukishatoka mahali pake bila kumbukumbu, nusu ya habari imepotea: ulikuwa tabaka gani, ulilala upande gani, ulikuwa na wenzake au peke yake. Kumbuka Shingopana, tulijua mazishi yake kwa sababu hakuguswa. Piga picha kitu chenyewe na pale kilipotoka, weka kalamu pembeni ionyeshe ukubwa, kisha toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na kuchimba bila kibali ni kosa. Na akija mtu na gari anataka kununua, mkaribishe maji, mfupa hapana.

Vwawa Damu

Jabali, nikitaka kuona hayo makorongo mekundu kwa macho nafikaje?

Jabali Jekundu

Unatokea Mbalizi, unashika barabara ya kwenda Galula, inateremka bondeni, joto linakupokea. Nenda kiangazi. Masika utalala njiani na hakuna wa kukuvuta. Beba maji, kofia, na usirudi na jiwe mfukoni.

Mzee Kobe

Nimelamba. Umenasa.

Picha nimepiga, mjukuu atanisaidia kuzituma kesho akipata bando. Tumekirudisha palepale na kuweka miba ng'ombe wasikanyage. Ila mtoto anasema kitu chake tayari kina jina, na hataki Wazungu walibadilishe.

Dogo wa Mwanjelwa

Kakiitaje mzee??

Mzee Kobe

Mnyamawababu.

Ustadh wa Ngeli

Upatanisho sahihi. Kumi kwa kumi.